Nani Atabaki na Babu

Pamba iliyotoka shambani ina harufu yake, na asiyewahi kulala nayo chumba kimoja haijui. Haifanani na harufu ya nguo hata kidogo. Ni vumbi la joto na mafuta ya mbegu, na kwa mbali unasikia kitu kama kichwa cha mtoto mchanga aliyeamka sasa hivi. Juzijuzi nilikuwa Bunda, mtaa wa Kabasa, kwa shoga yangu, na jirani yake alikuwa ameanika pamba uani juu ya maturubai. Upepo ukaileta upande wetu. Nikanyamaza katikati ya maneno hadi shoga yangu akaniuliza kama nimeng'atwa na kitu. Nikamwambia nimemkumbuka bibi. Akasema pole, akaendelea kuchambua mchicha wake. Kila mtu wa umri wetu ana bibi wa kukumbuka, hakuna haja ya kuulizana zaidi.

Nililelewa na bibi mzaa mama, upande wa Nyamuswa, kwenye boma lililojengwa kwa ajili ya watu wengi likabakiwa na wawili. Wajomba zangu walikuwa wameondoka mmoja mmoja, huyu akifuata dhahabu Kiabakari, yule akifuata mke, na nyumba zao zilikuwa zimeanza kuinama. Moja tulifugia kuku. Nyumba yetu ilikuwa na chumba kimoja kikubwa, na msimu wa mavuno pamba ilijaa humo mpaka karibu na dari, sisi tukilala kwenye kipande kilichobaki. Zizi lilikuwa la mawe, kubwa, na ndani yake ng'ombe wawili tu, wakisimama pembeni kama wageni waliofika kabla ya sherehe.

Babu alikuwa amezikwa ubavuni mwa zizi hilo kabla sijazaliwa. Jioni, ng'ombe wakishaingia, bibi alichukua maziwa kidogo kwenye kibuyu, akaenda akakaa pale juu ya jiwe, akamimina tone chini, akaongea naye. Aliongea kwa Kiikizu, kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayeongea na mwenzake aliye chumba cha pili. Akirudi alikuwa na maagizo. "Babu yako amesema jembe lisilale nje." "Babu yako anauliza kwa nini unaburuza miguu." Mimi sikuwahi kumsikia babu, lakini sikushangaa. Nilijua wanandoa wana namna yao ya kusikilizana. Niliona tu kwamba ana gubu sana kwa mtu aliyekwisha kufa.

Mama alikuwa Musoma. Aliondoka nikiwa mdogo wa kutosha kubebwa, akanishika kidevu akasema, "Nikipata chumba nitakuita." Sasa, mimi kuitwa nilikujua kwa namna moja: mtu anasimama mahali, anapaza sauti, unaitika. Nyuma ya boma letu kuna majabali, na juu yake unaona mbali, mashamba ya pamba na mtama na vilima vya kijivu. Nilikuwa napanda pale mchana kusikiliza. Nilidhani Musoma iko nyuma ya kile kilima cha mwisho, na kwamba siku upepo ukiwa mzuri sauti ya mama itafika. Nilikaa pale mpaka jiwe likawa la moto na siwezi kukaa tena.

Bibi aliponikuta huko na kujua ninachongoja, hakunicheka. Alikaa chini, jambo ambalo hakulifanya mchana, akaniambia kitu ambacho nadhani kila mtoto wa kwetu ameambiwa.

"Ukisikia jina lako na humwoni anayekuita, usiitike."

"Hata akiwa mama?"

"Hata akiwa mama. Mama yako akija atakuja mpaka hapa, utamwona miguu. Wanaoitaga bila kuonekana ni wale waliokufa. Wanakuwaga wapweke, wanatafuta mtu wa kukaa naye. Ukiitika tu, umekubali. Unaenda."

"Babu naye anaita?"

Bibi alifikiri. "Babu yako hana haja ya kuita. Mimi nipo."

Kuanzia siku hiyo majabali yalinipa shida. Niliendelea kupanda, lakini sasa nilikuwa nasikiliza sauti ambayo sikuruhusiwa kuijibu. Sidhani kama nimewahi kuwa mpweke zaidi ya pale, ingawa nimeishi miji mikubwa na kulala vyumba visivyo na mtu. Mama alikuja kuniita baadaye sana, kwa basi, na miguu yake nikaiona kama bibi alivyosema. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzoea kutokuitwa, na tulichukua muda kuzoeana.

Katika hali hiyo ndipo mwinjilisti aliponikuta. Alikuwa mkulima wa pamba kama sisi, mrefu, mwenye baiskeli iliyokuwa ikipiga kelele kuliko yeye, na siku za Jumatano baada ya shule alifundisha watoto na watu wazima waliotaka kubatizwa. Alipita bomani kwetu kuomba maji ya kunywa, akaniuliza kama najua kuna mtu ananiita kwa jina langu, Nyangeta, tangu sijazaliwa, na hajawahi kunisahau hata siku moja. Mwalimu wa Biblia angesema ni maneno ya kawaida. Mimi nilikuwa mtoto wa majabalini. Jumatano iliyofuata nilikuwa kanisani mapema kuliko mwinjilisti mwenyewe.

Bibi alinisindikiza kwa sababu njia ilipita kwenye vichaka vyenye fisi. Mwenyewe hakuingia. Alikuwa amekwisha kukaribishwa na wainjilisti wengi kabla ya huyu, na kila mara alisema ngoja amalize kupanda, ngoja amalize palizi, ngoja pamba iuzwe. Alikaa nje chini ya dirisha, ambalo lilikuwa tundu tu ukutani, akiwa na kapu la pamba mapajani, akitenga pamba safi upande mmoja na ile chafu, fifi, upande wa pili. Tukiwa ndani tuliona kilemba chake tu.

Siku moja mwinjilisti alisimulia habari za mtu aliyeandaa karamu kubwa. Chakula kikaiva, akawatuma watumishi kuwaambia walioalikwa waje sasa, na wote wakaanza kutoa udhuru. Mmoja amenunua shamba. Mwingine ameoa. Mwingine amenunua jozi tano za ng'ombe, anakwenda kuwajaribu.

"Huyo ni mwongo," kilemba kikasema.

Mwinjilisti akaacha kusimulia. "Nani, mama?"

"Huyo wa ng'ombe." Bibi hakugeuka, mikono ilikuwa kwenye pamba. "Maksai unamjaribu kwanza. Unamfunga jembe, unaona anavyovuta, ndipo unatoa mali yako. Hakuna mtu ananunuaga jozi tano halafu ndiyo aende kuwajaribu. Hakutaka kuja, basi."

Watu walicheka, na mwinjilisti akafurahi mpaka akapiga goti lake. Akasema amesoma habari hiyo miaka yote na hakuna aliyemwonyesha jambo hilo, na kwamba ndicho hasa Yesu alichokuwa anakisema: wito umekuja leo, na mtu anatafuta ng'ombe wa kujificha nyuma yake. Kisha akasogea dirishani, akaongea kwa upole.

"Na wewe mama? Wewe una ng'ombe gani?"

"Mimi sijanunua ng'ombe," bibi akasema. Akaendelea na fifi zake.

Jumatano nyingine ilikuwa zamu ya yule aliyeambiwa na Yesu, "Nifuate," akaomba ruhusa akamzike baba yake kwanza, akanyimwa. Darasa zima lilitazamana, maana kwetu mtu anaweza kukosa vyote asikose kuzika. Bibi alikohoa nje. Mwinjilisti naye hakukaa sana hapo. Akaingia kwa wavuvi, hawa tuliwapenda, maana ziwa tulilijua kwa samaki wake. Alieleza jinsi Yesu alivyopita ufukweni, akawaita ndugu wawili waliokuwa wakitengeneza nyavu, nao mara hiyo hiyo wakamwacha baba yao mtumbwini, wakaenda.

"Mara hiyo hiyo," alirudia. "Hawakusema ngoja tule. Hawakusema kesho. Hakuna aliyeahidiwa kesho."

Niliinua mkono. "Baba yao alibaki na nani?"

"Alibaki na watu wa kazi," akasema.

Sisi hatukuwa na watu wa kazi. Nililifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi, nikikanyaga kivuli cha bibi. Bibi alisema anayeitika sauti anaondoka. Mwinjilisti alisema anayeitika anaondoka mara hiyo hiyo. Hata mama, kuitwa kwake kulikuwa na safari ndani yake. Watu wazima watatu wasiokubaliana kwa lolote walikuwa wamekubaliana kwa hilo, kwa hiyo nikaamini. Siku ya ubatizo nitaitwa, nitaitika, nitaingia majini, na nikitoka upande wa pili nitaendelea kwenda. Huko ninakokwenda nilikuwa nimeambiwa ni kuzuri, hakuna njaa, hakuna anayelia. Lakini kila nilipojaribu kukuona niliona boma kama letu, zuri zaidi, na mimi nimekaa mlangoni peke yangu namngoja bibi anayepalilia.

"Bibi," nilisema, "kwa nini wewe huitiki? Mwinjilisti anasema unaitwa."

"Nasikia."

"Sasa?"

Tulikuwa tumefika zizini. Alitua kapu, akaegemea mawe, akatazama pale babu alipo.

"Babu yako hakubatizwa," akasema. "Alikufa kabla hawa watu hawajajaa huku. Nilimuuliza yule mwinjilisti wa kwanza, wafu wetu wako wapi. Hakunijibu vizuri. Mimi nikajijibu. Wao wana kwao, na sisi tuna kwetu. Sasa mimi nikiitika, nikaenda kwao, nani atabaki na babu? Miaka hii yote amekaa hapa ananingoja. Nimpite tu hivi, niende?"

Swali hilo nimewauliza hadi wachungaji wenye digrii. Kuna wahubiri hapa Musoma wanaofunga spika sokoni na kutuambia kwamba anayechelewa kumwitikia Mungu anapenda dunia, anapenda pombe, anapenda mali. Nawasikiliza, na sehemu kubwa ya wanayosema naiamini. Lakini nilimjua mtu aliyechelewa kwa sababu ya huruma. Alikuwa anaisikia sauti vizuri kabisa kutoka pale dirishani. Aliogopa tu kumwacha mtu peke yake.

Siku chache kabla ya ubatizo nilianza kujiandaa kuondoka. Nilijaza mitungi yote. Nilikusanya kuni nikazipanga mpaka zikawa ukuta. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kushindwa na tundu la sindano, na kumtungia ilikuwa kazi yangu, kwa hiyo nikatunga sindano zote alizokuwa nazo, nyuzi ndefu, nikazichomeka kwenye nyasi za paa mahali anapofikia. Bibi alizitazama.

"Unasafiri?"

"Nabatizwa."

"Haya," akasema. Lakini jioni hiyo alikaa kwa babu muda mrefu kuliko kawaida.

Ubatizo ulifanyika kwenye lambo la ng'ombe. Wachungaji wa mifugo walikuwa wameombwa wasinyweshe mpaka tumalize, wakawa wamesimama ng'ambo na ng'ombe wao wenye kiu, wakitusukuma kwa macho. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mchungaji wa kanisa, mzee aliyetoka mbali na ambaye tulimwona kwa nadra, alikuwa amesimama ndani mpaka kiunoni, na mwinjilisti ukingoni ndiye aliyekuwa akiita majina. Ukiitwa unasema "Nipo," unashuka. Nilitazama kwa makini wale walionitangulia. Wote walizamishwa, wakainuka, wakapanda ukingo wa pili, na huko walikuwa wamefunikwa kwa shuka na kuimbiwa kiasi kwamba sikuweza kuona wanaelekea wapi.

"Nyangeta," mwinjilisti akaita.

Nilimtafuta bibi. Alikuwa amesimama mbali na waumini, karibu na wale wachungaji wa ng'ombe, ameshika viatu vyangu mkononi. Hakuna aliyekuwa amesimama karibu naye. Nilimwona jinsi atakavyorudi njia ile ya vichakani na viatu visivyo na mtu, na mdomo wangu ukafungika.

"Nyangeta."

Wimbo ukapungua. Mwinjilisti akanijia, akainama. "Umeogopa maji?"

Nikatikisa kichwa.

"Unaitwa, mwanangu. Itika tu."

Nikaanza kulia, na hata katika kulia nilijitahidi nisitoe sauti, isije ikahesabiwa kuwa nimeitika. Mchungaji kule majini alikuwa anangoja. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha nikamwona bibi anazunguka lambo, taratibu, akiinua khanga yake isiguse matope, mpaka akafika.

"Mtoto ana nini?"

"Haitiki," mwinjilisti akasema.

"Nikiitika nitaondoka," nikamwambia bibi. "Utabaki na nani?"

"Nani kasema unaondoka?"

"Wewe. Ulisema ukiitika umekubali, unaenda."

Angeweza kunisahihisha. Mtu mzima yeyote angenisahihisha, angesema hizi habari ni tofauti, acha ujinga, ingia majini. Bibi alinitazama, kisha akatazama upande wa nyumbani, ambako hakuna kitu kinachoonekana kutoka pale lamboni, majani na majabali tu. Alitazama muda mrefu. Nilihisi vidole vyake vikinikaza mkono mpaka nikaumia. Kisha akaviweka viatu vyangu chini, kimoja kando ya kingine, akavua na vyake, akavipanga karibu navyo.

"Ita tena," akamwambia mwinjilisti.

Mwinjilisti akaita jina langu.

"Tupo," bibi akasema.

Palikuwa na mjadala kidogo, maana kanisa lina utaratibu. Mchungaji aliuliza kutoka majini kama mama huyu amefundishwa. Mwinjilisti akasema amekaa chini ya dirisha mafundisho yote, na mengine yeye ndiye aliyemfundisha mwinjilisti. Mchungaji akamuuliza bibi kama anamwamini huyo anayemwita. Bibi akasema kama simwamini, nimekuja kufanya nini kwenye matope. Basi mchungaji, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba akipenda anaweza kurudi nyumbani kwanza atafakari, abatizwe pamoja na darasa lijalo.

"Hapana," bibi akasema. "Leo. Nikirudi nyumbani kwanza sitatoka tena."

Tukashuka pamoja. Maji yalikuwa ya baridi chini na ya vuguvugu juu. Alizamishwa yeye kwanza, mkono wake ukiwa bado umenishika, kwa hiyo nami nikaloa kabla ya zamu yangu. Tulipotoka upande wa pili tukafunikwa shuka moja, na wachungaji wa ng'ombe wakapiga mluzi, na mifugo ikashuka kunywa.

Nilishangaa kuona watu wanarudi makwao. Waliobatizwa wote walisimama wakaongea kuhusu mvua, wakagawana mihogo ya kuchemsha, wakaagana. Hakuna aliyeondoka kwenda popote. Nilimtazama bibi nikitegemea naye ashangae, afurahi kwamba tumedanganyika, lakini yeye alitembea mbele yangu, nguo zikimkaukia mwilini. Leo najua kwamba kati ya watu wote walioingia lambo lile, ni yeye aliyejua anaacha nini. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akawa muumini wa kukaa benchi la mbele na kuwakosoa wahubiri, na alipokufa tulimzika kwa nyimbo, upande wa zizi, alipotaka mwenyewe.

Jioni ile ng'ombe waliingia kama kawaida. Bibi aliwafungia, akakamua, akaacha kibuyu ndani. Alikwenda kwa babu mikono mitupu. Mimi nilikaa kizingitini, pamba nyuma yangu, nikamtazama. Hakukaa juu ya jiwe lake. Alisimama, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu na hajui kama atakaribishwa. Niliona mdomo wake ukisema maneno mengi, na mikono ikieleza, ikionyesha upande wa lambo, ikionyesha upande wangu. Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa kusikiliza. Akasema tena, kifupi. Akasikiliza. Jua lilikuwa limeshika vilele vya majabali tu alipogeuka na kurudi.

"Babu amesema nini?" nikamuuliza.

Alikaa kando yangu, pole pole, akishika goti.

"Nimemwita naye aje," akasema. "Nimemwita kwa jina lake. Hajaitika."